Gofu Kwenye Kisesi cha Kalunde

Ndululu wa Nzuki hakumwamini mtu yeyote aliyeuliza habari za mifugo. Mwaka wa 1938 aliona ng'ombe wao wakisombwa na serikali, na mambo yalianza hivyo hivyo: mzungu mpole, karani, maswali mawili matatu.

Basi mwaka wa 1949 afisa mmoja akatokea kwenye malisho yake, chini ya soko la Kikima, karani Mutiso akimtafsiria. Eti anachora uwanja wa gofu, mashimo tisa. Nyasi laini hazingestahimili jua la huko, kwa hiyo kila shimo lingezungushiwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari. Mtu mzima, asukume kijipira shimoni? Uongo gani huu, hata haukuiva!

"Bwana anauliza mbuzi zenu hupenda kulala wapi," Mutiso alisema. "Anasema kwao Skotilandi viwanja vizuri vilianzwa na kondoo. Zilikuwa zinajificha upepo, zikachimba vishimo, watu wakaviacha hapo hapo kwa mchezo."

Ndululu akadhani amewanasa.

"Hapa hakuna mbuzi. Mvua ikinyesha hapa ni maji tu. Endeni kule juu kwa dada yangu Kalunde. Huko ndio zinalala zote."

Alijiona mjanja kweli kweli. Kalunde alikuwa mjane asiye na hata mbuzi mmoja wa kunyang'anywa. Alikuwa tu na kisesi, kipande cha malisho alichoachiwa na baba yao. Majirani walilisha mbuzi wao pale, nao wakampa maziwa ya watoto.

Wiki mbili baadaye bendera tisa zilisimama kwenye kisesi hicho. Vishimo vya mbuzi wa majirani vilijazwa mchanga, na afisa akavisifu mno. Hakuna mbuzi aliyechukuliwa kijiji kizima. Ulikuwa mchezo kweli, jamani. Ila majirani walifukuzwa na mbuzi wao, na maziwa ya watoto wa Kalunde yakakoma.

Aibu ilimla Ndululu. Akamwendea dada yake, akamwambia achukue nusu ya malisho yake, iwe ya Kalunde kabisa. Kalunde, ambaye Mutiso alikuwa amekwisha kumweleza nani aliyewaelekeza, hakumkaribisha hata kuketi.

"Mwana wa mama, na hapo umeficha nini?"

"Sijaficha kitu."

"Basi useme mbele ya wazee. Maneno yako peke yako sichukui tena."

Ndululu akasema mbele ya wazee watano, na Kalunde akawaomba wamrudishe aseme mara ya pili.