Kina mama wa Sengerema walipewa vitambaa vya chui getini, eti hawana nguo

Wakuu, nawasalimu wote, walioko juani na walioko kwenye viyoyozi.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, sijatia chumvi. Kama kuna memba alikuwepo siku ile anisahihishe, sina kinyongo.

Naandika nikiwa na hasira. Imepita miezi, lakini nikikumbuka nikiwa nimeshika mashine ya kunyolea, mteja anageuka kuniuliza kama niko sawa.

Kwa msionijua, mimi ni kinyozi, Butimba, karibu na chuo. Mjita wa Musoma, Mwanza nimehamia. Nina ugonjwa wa aina mbili, muziki na pamba kali. Pale Mlango Mmoja wauza mitumba wakifungua belo la mashati wananipigia simu kabla hawajatandaza. Nikienda dukani kununua chumvi nimenyoosha shati. Ndivyo nilivyo, mnaotaka kunicheka chekeni tuendelee.

Saluni kwangu kuna utaratibu mmoja: aliyekaa kwenye kiti ndiye anayechagua muziki. Anaunganisha simu yake na spika yangu, tunasikiliza vya kwake mpaka amalize kunyolewa. Nimejua muziki mwingi kwa njia hiyo kuliko redio zote. Wanachuo wananiletea vitu vya Dar, kuna mzee wa rumba, kuna mlokole mmoja anatuhubiria mpaka ndevu zinaisha.

Siku moja akakaa kijana anaitwa Shija, katokea Sengerema. Akaunganisha simu.

Kwanza filimbi. Halafu ngoma mbili, moja nzito, moja inakimbia. Halafu sauti ya mwanamke, peke yake, anavuta neno moja mpaka unaanza kumwonea huruma kwa pumzi, ndipo wenzake wanamdaka kwa pamoja, na chini yao gitaa la besi linanguruma. Wakuu, nilizima mashine. Shija kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, nikamwambia rudia.

Kisukuma changu ni cha sokoni tu, hivyo akanitafsiria. Mwanamke analalamika mumewe kanunua simu kubwa, sasa anacheka na ukuta na wake zake wa ndani ya kioo, ugali unapoa.

Nikamuuliza hawa ni kina nani. Akajibu kwa kawaida tu, "Huyo ni mama."

Akanionyesha video. Kundi la kina mama watu wazima, wengine rika la mama yangu. Mashati meupe ya mikono mirefu yamefungwa mpaka kifungo cha shingo, tai za kitenge, vizibao, na miguuni mabuti meupe ya mpira, yale ya wafanyakazi wa viwanda vya samaki. Juu ya mabuti wamefunga njuga. Mimi ninayejiita mjuzi wa kuvaa nilikaa chini.

Wiki hiyo hiyo nikavuka ziwa kwenda Sengerema. Siku hizi daraja la Busisi lipo, hakuna tena kusubiri kivuko, huna kisingizio.

Mama Shija nikamwamkia shikamoo, nikaongeza na salamu yao ya "mwangaluka mayo" kwa lafudhi yangu ya Kijita, kina mama wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nikaanza kusifia yale mabuti. Akanikatisha.

"Hiyo ya mwaka jana, mwanangu. Hiyo tumeshaimaliza."

Hapa naomba mnielewe vizuri kwa sababu ugomvi wote unatoka hapa.

Wale kina mama kila msimu, mavuno yakishaisha, wana mashindano ya ngoma. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule. Hakuna jaji. Watu wanaanza katikati, halafu kila mtu anatembea kwenda anakovutwa. Ukibaki na uwanja mtupu umeshindwa, na utachekwa mpaka mvua zirudi.

Kwa hiyo kila msimu kuna wimbo mpya na sare mpya, na sare haionyeshwi. Inashonwa nyumba moja, pazia limeshushwa, hata waume zao hawaioni. Wapinzani wakijua mapema umevaa nini wanakuja na wimbo wa kuitukana sare yako, umekwisha. Inafunguliwa siku yake, mara moja.

Nikamwomba ruhusa nivae ile ya zamani. Akasema vaa tu.

Nikavaa. Shati, tai ya kitenge, kizibao, mabuti meupe, nikaenda nayo kazini Butimba. Siku ya kwanza wakaniuliza kama nimetoroka kiwanda cha samaki. Baada ya muda wanachuo wawili wakaja na tai za kitenge. Basi, nikajua tumeingia mjini.

Sasa aingie mhusika. Kuna kaka mmoja alikuwa anaratibu tamasha la muziki na mitindo pale ufukweni, jina simtaji, nitamwita Mratibu. Alikuja kunyoa, akakuta ule muziki unapiga. Akaruka kwenye kiti.

"Kaka, hiki kitu ni cha moto! Niletee hao watu. Jukwaa kubwa, jioni, kabla ya msanii mkuu."

Maneno yake hayo, sijabadilisha hata moja.

Nikavuka tena, kichwa juu. Kundi likakaa kikao. Wengine wakataka waje na sare ya zamani, ile mpya ingoje mashindano. Mama Shija akakataa. Akasema hawawezi kwenda kwa watu wa mjini na nguo iliyokwisha kuonwa, ni kuwadharau waliowaalika. Wakakubaliana: sare mpya na wimbo mpya vitafunguliwa Mwanza.

Mnaelewa walichokuwa wanakitoa? Jioni ile ile simu zingepeleka ile sare Sengerema, wapinzani wangekuwa na muda wa kutosha kutunga matusi. Msimu wao wote waliuweka kwenye jukwaa la Mratibu. Na aliyewashawishi ni mimi.

Mratibu akaniandikia nimtumie picha za mavazi "kwa ajili ya maandalizi". Nikamweleza kwa kirefu, nikatuma na ujumbe wa sauti, kwamba kwa wale sare haionyeshwi kabla ya siku. Akajibu kwa dole gumba.

Wakuu, lile dole gumba!

Siku ikafika. Mimi nikatangulia, nimewaka na mabuti yangu meupe. Pale getini wakanipokea kama mkwe. Dada mmoja akanivuta kwenye bango la wadhamini, mpiga picha akapiga, geuka huku, geuka kule. "Umependeza sana kaka, wazo umelitoa wapi hili?" Nikasema subirini, wenye wazo lao wako njiani.

Wakafika na gari la kukodi. Wamevaa vitenge vya safari, sare ziko kwenye viroba vilivyoshonwa midomo kwa uzi, na kina mama wamevikalia ili visifunguke.

Nilikuwa ndani nahangaika kumtafuta mtu wa vyombo, niliporudi getini nikamkuta kijana wa tamasha anawagawia mfuko wa nailoni. Ndani kuna vitambaa vya madoa ya chui, shanga za plastiki na manyoya ya kichwani, sijui ya ndege gani. Anawaambia wavue viatu, wajifunge vile vitambaa kifuani.

Mama Shija akamuuliza kwa utulivu, "Jukwaani tunapanda saa ngapi, baba?"

Yule kijana akasema, "Hapana mama, ninyi mko hapa hapa getini. Mnapokea wageni, mnapigapiga vigelegele."

Nikamfuata Mratibu nyuma ya jukwaa. Sikumsalimia.

Akanijibu hivi, tena anatabasamu: "Kaka, niliomba picha hamkuleta. Nikajua tu hawana nguo. Ningewaacha wapande na vitenge vya shambani? Nimewasaidia."

Nikamwambia nilikueleza sare haionyeshwi. Akasema hizo ni imani za kijijini. Halafu wageni wanataka kuona asili.

Asili gani? Nani Sengerema anavaa chui wa plastiki kifuani? Mama yako? Hayo nilimwambia, na mengine ambayo moderator atayafuta. Mabaunsa wakanisogelea.

Muda wao wa jioni, nikaambiwa, umepewa maonyesho ya mavazi. Na kweli, muda si mrefu wakapanda mabinti na vijana wa mjini, peku, wamejifunga vitambaa vile vile vya chui, wanatembea kwa muziki wa nje huko. Watu wanapiga makofi. Na mimi niliyevaa nguo ya Mama Shija, tena ya mwaka jana, ndiye niliyepigwa picha kwenye bango. Mwenyewe akaambiwa hana nguo. Nikiandika hapa napumua kwanza.

Nilirudi getini nikiwa mdogo. Nikamwambia mama, samahani, wametugeuka.

Akachukua kile kitambaa, akakipapasa kama mtu aliyeko gulioni, akakikunja vizuri, pindo kwa pindo, akamrudishia yule kijana. "Wabeja, asante baba. Sisi tulikuja na zetu."

Kundi likagawanyika. Wengine wakasema tufungue viroba, tupige hapa hapa nje, tuwanyang'anye watu. Na mimi nikaunga mkono, tena nilimwomba kwa kumbembeleza! Nilikuwa nataka Mratibu aaibike mbele ya wadhamini wake, leo leo.

Mama Shija akaniangalia kwa namna iliyonifanya nitazame mabuti yangu.

"Hapa watatuona wanaotafuta pa kuegesha gari. Unataka nimalize sare yangu kwa hasira zako?"

Wakapanda gari. Viroba vimeshonwa vile vile. Watu wa Mwanza, mimi nikiwa mmojawapo, hatukuona kitu.

Nilivua ile tai pale pale nikaondoka kwa miguu.

Mashindano ya Sengerema yalipofika niliogopa kwenda. Shija akanilazimisha. Nikasimama katikati ya uwanja kama wengine. Kundi la upande wa pili lilikuwa kali, siwadanganyi, nusu ya watu walishakwenda kule.

Kina mama wakatoka na makoti. Makoti marefu ya kaki, mazito, yamefungwa mpaka magotini, na katambuga za matairi miguuni. Rangi ya vumbi. Wapinzani wakaanza kuchekelea, wakawaita walinzi wa usiku. Wimbo wa kwanza makoti yamefungwa. Wa pili bado yamefungwa. Nikasema moyoni nimewaharibia hata bahati yao.

Wimbo wa tatu, Mama Shija akavuta lile neno lake refu, wakafungua vifungo wote kwa pamoja, wakazunguka.

Ndani ya makoti walikuwa wameshona bitana ya kitenge chekundu, tena marinda juu ya marinda. Makoti yalipofunguka uwanja ulikuwa mwekundu ghafla. Nilisikia watu wanasema "aaah" kwa mara moja, halafu nikasikia miguu. Watu walikimbia, wakuu. Walinipita mpaka nikayumba. Wapigangoma wa upande wa pili walibaki na mbwa na watoto wachache.

Nililia, na sioni aibu kusema. Nililia kwa furaha yao na kwa hasira yangu kwa pamoja, kwa sababu hiki kitu kilikuwa kimekaliwa kwenye viroba getini kwetu, na sisi tukawapa manyoya.

Video ikasambaa. Mnajua nani alinipigia.

"Kaka, lile koti! Nitumie picha za karibu na vipimo, nataka mabinti wangu wavae tamasha lijalo. Na ule wimbo pia, kama mama hatojali."

Hakukumbuka lolote. Hakuomba hata radhi. Nilikata simu, nikaipiga tena nimtukane, nikakata tena. Nikaona kwanza nimpe mwenye mali yake taarifa.

Nilichojifunza, kwa sisi tunaojiona wa mjini: tunatafuta muziki mpya na mitindo mipya kwenye simu usiku kucha, ikija yenyewe getini tunaiambia ivue viatu. Mnaoandaa matamasha, muulizeni mtu amekuja na nini kabla hamjamvika ujinga wenu. Na sisi wenye midomo ya kushawishi watu tuwe na uhakika na jukwaa kabla ya kumtoa mama wa mtu kwake.

Waliopatwa na dharau za namna hii waje wamwage yao hapa. Wanaomtetea Mratibu waje pia, leo nina nafasi, wateja ni wachache.

Na wewe Mratibu, najua umo humu, tena unasoma bila kujisajili. Nilimfikishia Mama Shija maombi yako. Alikuwa nje anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. Jibu lako ni hili:

"Mwambie achukue tu hilo koti, tumeshalimaliza. Pazia tumeshashusha tena."