Siku Niliyolamba Kompyuta ya Pickup

Niliwahi kulamba kompyuta ya gari mbele ya watu kumi na wawili.

Hakuna aliyenishikia panga. Na hao watu niliwaita mimi mwenyewe.

Naitwa Elphas, wa Kitengela. Wanaonijua wanajua nyumba yangu haikosi wageni na mdomo wangu haukosi kazi. Haya ni mambo ya 2007, na mpaka leo nikiyakumbuka nachoka.

Nilikuwa na pickup, double cabin, automatic, mtumba wa Japan. Mara tatu kwa wiki nabeba sukuma wiki, kabeji na nyanya kutoka soko la Kitengela, nateremsha Magadi. Joto la kule, nyanya zinafika zimeanza kujipika.

Siku moja nikirudi, kwa ule mlima wa kupanda Kona Baridi, gari ikakataa kubadilisha gia. Ikakwama gia ya tatu. Injini inalia, gari inatambaa.

Punda akanipita. Punda na mzigo wake.

Kesho yake tukatoa kila kitu ndani ya gari, tukaiosha mpaka chini ya viti. Bibi yangu Nanjala hawezi kukubali gari iende kwa fundi ikiwa chafu. Anasema fundi akikuta uchafu na yeye anakufanyia kazi chafu.

Halafu nikaipeleka kwa Muthama.

Huyu alikuwa fundi wa jua kali, mtu mpole, haongei sana. Wenye malori wote walikuwa wanampenda kwa kitu kimoja: hakuwahi kugusa spea ya mtu. Ukiacha gari kwake mwezi mzima, unaikuta na kila nati.

Alizunguka gari, akaiendesha kidogo, akarudi.

"Gearbox ni mzima. Imekufa kompyuta yake."

"Kwani gearbox iko na kompyuta?"

"Iko. Kaboksi kadogo, kanakaa chini ya kiti cha abiria. Hako ndiko kanaambia gearbox badilisha sasa, ngoja sasa. Kakikufa, gearbox inashikilia gia moja tu, angalau ufike nyumbani."

Akakatoa. Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Hii imeingia maji."

"Tuliosha jana."

"Hii si ya jana, Elphas. Unabebanga nini hapa ndani?"

"Mboga ziko nyuma. Hapa ndani hakuna kitu."

Na kwa akili yangu, sikuwa nadanganya.

Muthama alishinda Nairobi siku mbili akitafuta boksi yenye namba zilezile, kwa sababu namba zikitofautiana, boksi na gearbox hawaelewani. Akaipata. Akatoa waya ya betri, akafungua kiti, akafunga boksi, akarudisha kiti. Gari ikatembea kama imepakwa siagi.

Wiki tano.

Ya sita, mlima uleule, gia ileile ya tatu. Nilikaa kwa jua kama saa tatu nikingoja injini ipoe. Na hapo ndipo nilipoharibu mambo, kwa sababu kufika Kitengela, tayari nilikuwa na stori kichwani.

Stori yenyewe: Muthama alitoa boksi yangu nzima, akaiuza, akaniwekea maiti.

Niliimba hiyo stori kwa kinyozi. Nikaiimba kwa hoteli. Jumapili baada ya kanisa watu wakaja kwangu kunywa chai, nikaiimba tena, na kila nikiimba inapata mkono na mguu. Ya mwisho niliapa nimeona boksi yangu kwa gari ya mtu mwingine.

Nanjala aliniangalia juu ya thermos. "Baba Sheryl, uliiona lini?"

"We pakua mandazi."

Haikuisha wiki mbili, Abdille akaondoa malori yake mawili kwa Muthama. Abdille ni mfanyabiashara wa mbuzi, na akihama yeye, wengine wanahama bila kuuliza. Nilipita pale kwa Muthama nikaona uwanja ni mweupe, hakuna gari hata moja. Yeye mwenyewe ameketi juu ya tairi kuukuu, anapangusa spana ambayo haina uchafu.

Jumamosi akaja kwangu. Nyumba imejaa, kama kawaida. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Elphas, nimesikia."

Hata mtu wa kutafuna akaacha.

"Lete gari Jumatatu. Usiioshe. Usitoe kitu ndani. Na hawa watu wako, kuja nao."

Mimi nani nikatae watazamaji? Nilikuja na kumi na wawili. Nanjala akiwa mmoja wao. Abdille hakukuja, alikuwa soko la Kajiado.

Muthama akafungua boliti nne za kiti, akakiinua, akasimama kando.

Chini ya kiti kulikuwa na mfuko wa nailoni umepasuka, mawe ya magadi yamemwagika. Kando yake chupa mbili za maji.

Wacha niwaeleze. Majirani zangu wengi ni watu wa magharibi ya Kenya, na mrenda, ile mboga ya kuteleza, bila magadi ya kuilainisha si mrenda. Kila safari, "Baba Sheryl, usisahau magadi yangu." Nilikuwa naleta mawe yenyewe, ya kutoka kulekule Magadi, nasukuma chini ya kiti. Kwangu huo haukuwa mzigo. Ulikuwa ujirani. Nanjala naye ananigandishia maji kwa chupa, na mahali pa kivuli ndani ya gari ni palepale. Barafu inayeyuka, chupa inatoa jasho, maji yanalowesha magadi, yote yanateremkia boksi.

Ile siku ya kuiosha, tulitoa ushahidi wote sisi wenyewe.

Boksi ilikuwa imeota ukoko mweupe. Muthama akaiweka mbele yangu.

"Hii ni nini?"

"Itakuwa ni asidi ya betri."

"Betri iko mbele. Lamba."

"Nilambe?"

"Na ncha ya ulimi. Haitakuua."

Watu wanatazama. Nikalamba.

Jamani. Ladha ilikuwa ni ya jikoni kwangu kabisa.

Nanjala ndiye alianza. "Baba Sheryl, umepika gearbox! Imelainika?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Muthama hakucheka. Alitafuta boksi ya tatu, akaifunga juu, nyuma ya dashibodi, mahali maji hayafiki. Nilimwomba msamaha akiwa chini ya gari. Akasema, "Nipitishie namba kumi."

Nikampitishia spana.

Nilidhani imeisha. Wale watu kumi na wawili si wameona? Lakini walichobeba kwenda nacho nyumbani ni kicheko. Mji mzima ulijua Elphas amelamba gari. Jina la Muthama hakuna aliyelibeba.

Nikaanza kuzunguka. Kinyozi, hoteli, kanisa. Nikaenda mpaka kwa Abdille.

"Abdille, ilikuwa ni magadi. Muthama hana makosa."

"Sawa, ndugu yangu."

"Sasa utarudisha malori?"

Akanitazama kwa huruma. "Wallahi Elphas, wewe ni mtu mzuri. Lakini mwezi uliopita uliapa ameiba. Leo unaapa hajaiba. Mimi nishike gani?"

Nikaondoka. Lakini sikuacha. Mahali popote nikitia mguu, kabla sijaagiza chai, nishaanza kumtetea Muthama. Miezi minne. Nilichoka mpaka sauti ikakauka.

Siku moja nikamkuta anapakia vyombo vyake kwa mkokoteni. Nikamkimbilia na habari njema.

"Muthama, usihame! Jana nilikuwa Kajiado, kwa hoteli moja kubwa, nimesimama nikawaambia wote wewe si mwizi. Watu kama thelathini!"

Akaweka jeki chini.

"Hao watu wa Kajiado walikuwa wamesikia mimi ni mwizi?"

"Hapana, hata hawakujui."

"Sasa wanajua."

Alisema polepole, bila hasira. Afadhali angenipiga.

"Elphas, nakuomba kitu kimoja. Usinitetee tena. Kila ukinitetea, kuna mtu alikuwa hajasikia, anasikia. Nilikuwa nataka kuhamia Kajiado."

Akasukuma mkokoteni. Sikumsaidia hata kusukuma.

Ndugu zangu, boksi ya gari ikiharibika unatafuta nyingine yenye namba zilezile, unafunga, gari inaenda. Jina la mtu ukiliharibu, hakuna mahali linauzwa. Na hata kulitengeneza kwa kelele ni kulichafua tena.

Kwa hivyo msiniulize huko kwa comments yeye ni nani na siku hizi anafanyia kazi wapi.

Muthama si jina lake. Na mara hii, silitaji.