Chamsidine Hampiti Mtu Mzima

Chamsidine wa Ikoni, hapa Ngazidja, ni dereva hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, na hakuna mjinga niliyemhurumia kama yeye. Nasema hivyo kwa kuwa ni jirani yangu, na nilivuka bahari hadi Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kwenda kumshangilia, nikatapika njia nzima.

Mwaka 1984 wale mamluki wa Kizungu waliokuwa wakitutawala Komoro kwa bunduki walichoka kuzurura Moroni na kutazamwa. Wakabuni mashindano ya magari: raundi mbili Moroni, ya mwisho Mutsamudu, kwenye njia fupi ya mviringo iliyozungushiwa mapipa. Magari hawakununua. Walisimama barabarani wakachukua ya watu, wakang'oa vioo na viti, wakachomelea milango na kutia vyuma ndani ili paa lisimwangukie dereva. Ndivyo teksi ya Chamsidine, Peugeot 404 iliyokuwa ikitupeleka mjini kila siku, ilivyogeuka kuwa namba saba. Alipokwenda kuidai, Mzungu mmoja alicheka, akamwambia atakayeshinda Mutsamudu atachagua gari moja aondoke nalo. Mtu akaambiwa aishindanie mali yake mwenyewe, na sisi tukapiga makofi. Mwenye nguvu mpishe.

Basi akaishindania. Moroni alishinda raundi zote mbili, maana alilijua gari lile kila kikohozi chake. Bado ile ya Mutsamudu tu, teksi irudi nyumbani, na watoto wake sita wapate tena cha kuweka chunguni.

Kumbe mamluki walitaka raundi ya mwisho ipambwe na mtu mkubwa. Wakamtia Mzee Allaoui, naye pia wa Ikoni, ndani ya Renault ndogo. Kwetu Ngazidja mwanamume aliyefanya ndoa kubwa, akalisha mji mzima, ndiye huitwa mtu mzima, na hutangulizwa kila mahali: msikitini, penye sinia, hata mlangoni. Asiyeifanya hubaki kijana, hata awe na mvi. Chamsidine alikuwa kijana wa miaka arobaini na mmoja. Allaoui alikuja na joho lake lililotariziwa na kilemba kikubwa. Kofia ya kujikinga ikakataa kuingia juu ya kilemba, akaipakata.

Mizunguko ilikuwa thelathini. Katika wa tatu, mamluki wawili waligongana wenyewe kwa wenyewe, wakatukanana kwa Kifaransa kisichofundishwa shuleni. Katika wa ishirini Chamsidine alikuwa amewaacha wote mbali, hata akamfikia Allaoui kwa nyuma, ambaye alikuwa hajamaliza hata wa kumi na tano. Mzee alishika katikati ya njia, taratibu, kama anayekagua shamba lake la karafuu. Upande wa nje palikuwa na nafasi ya kupitisha lori.

Chamsidine akapunguza mwendo. Akatoa kichwa dirishani.

"Kwezi, mbaba!" akaita, salamu ya mdogo kwa mkubwa.

"Mbona!" Allaoui akajibu, ndivyo mkubwa anavyoitikia salamu hiyo kwetu, akapunga mkono, asisogee hata kidogo.

"Mpite!" nilipiga kelele. "Mpite, Chamsidine!"

Wazee wa Ngazidja waliokaa mbele yangu wakageuka kunitazama. Nikajifanya nakohoa.

Akafika Mmadi wa Mvouni, kijana mwingine wa kwetu Ngazidja, aliyekuwa wa pili. Naye akapanga foleni. Ukawa msafara wa kumpeleka bwana arusi. Ndipo akatokea Inzoudine, mpakuzi wa mizigo bandarini Mutsamudu, ambaye kwake Allaoui alikuwa mzee fulani tu aliyeziba njia. Akazunguka kwa nje, akawapita wote watatu, akashinda, wale wawili wangali nyuma ya mzee. Watu wa Nzuani walicheka mpaka wakashikana mabega.

Inzoudine akachagua 404. Mji wao wa kale ni vichochoro vya miguu, gari halipiti, kwa hiyo ameiegesha bandarini. Jioni huingia kwa dirisha, akalala humo. Nilitamani kulia kwa hasira.

Allaoui alimshika Chamsidine bega. "Umelelewa, mwanangu. Nitalisema msikitini."

Na kweli alilisema, Ijumaa, mbele ya mji. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Chamsidine aliyasikia hayo akiwa safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hawakusema mshika mila atakula nini.

Jumatatu tulikuwa tunakwenda Moroni kwa miguu, mimi naye, jua likituchoma. Alikuwa anakwenda kuomba kazi ya kubeba magunia. Njiani tukamkuta Allaoui amesimama na mkoba wake, amekasirika.

"Chamsidine! Tangu asubuhi nimesimama hapa. Siku hizi Ikoni mtu hapati teksi? Yako iko wapi?"

Nilimtazama Chamsidine, nikasubiri. Nilimwomba Mungu amfungue kinywa, mara moja tu.

Akamchukulia mzee mkoba. Tukaenda hivyo hadi Moroni, sisi nyuma, yeye mbele, na Mzee Allaoui hutembea polepole sana. Tulipofika, ile kazi ilikuwa imeshachukuliwa.