Vyombo Ambavyo Kaka Yangu Hakuvitoa

Kaka yangu alizaliwa na kipaji cha kumtia mtu hofu bila kumfanya lolote. Tukiwa wadogo, mama akienda kufunua sufuria, kaka alimfuata nyuma akiguna taratibu, mm, mm, mm, sauti ikipanda kadiri mkono wa mama ulivyokaribia kifuniko. Mama alijua fika kwamba mle ndani mna maji ya moto tu, kayabandika mwenyewe, lakini alikifunua kifuniko akiwa mbali, kwa ncha ya mwiko. Siku moja akamgunia baba hivyo hivyo kutoka barabarani mpaka kizingitini, na baba akasimama nje muda mrefu, akikataa kuingia nyumbani kwake. Kaka alichapwa. Hata akichapwa, aliguna kabla ya kila kiboko.

Mtu wa namna hiyo ana njia mbili duniani, kufungwa au kutungia filamu muziki, na Mungu akatuepushia aibu. Alipata kazi kwenye studio moja iliyokuwa juu ya duka la misumari na rangi. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mtu kwenye filamu anapotembea kuelekea mlango, na nyuma ya mlango kuna jambo, muziki unaosikika pale ni wa kaka. Wapenzi wa filamu wakamwita Bwana Taharuki. Mimi nilimwita kaka, na nikikasirika nilimwita wewe.

Sasa elewa jambo hili, maana ndilo lililomtesa. Kila mwongozaji wa filamu alimpa agizo lile lile: piga mpaka mlango ufunguke, halafu kata. Kaka anapanda, anapanda, nywele zinamsimama mwenyewe, mlango unafunguka, mwigizaji anapiga ukelele, na mkasi unapita. Alifanya kazi mpaka mvi zikamjaa kichwani, na hajawahi kupiga kitu kikafika mwisho. Ukimwuliza wimbo wake fulani unaishaje, anakutazama kama umemwuliza habari za marehemu.

Kisha wakaja waongozaji vijana na kompyuta zao, na simu ya kaka ikanyamaza. Akahamia kwangu na sanduku moja la nguo na kinanda kirefu kuliko kitanda chake. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi sebuleni, na sebule yenyewe haina ukubwa wa kujisifia. Kinanda kikasukumwa ukutani, kaka akawa anakaa ametupa mgongo, mimi na wateja wangu. Tukagawana kazi za nyumba kiungwana. Mimi napika, mimi naosha, yeye anatoa vyombo mezani tukimaliza kula. Hiyo tu. Hata paka angeweza, angekuwa na mikono.

Hakutoa. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikanyamaza siku kadhaa kama onyo, naye akanishukuru kwa utulivu.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama mbele yake, mikono kiunoni, sahani za jana zikitutazama kutoka mezani, simu yake ikalia. Alikuwa mtangazaji wa redio, mwanamke wa kipindi cha wasanii wa zamani. Kaka aliibana simu sikioni, mimi nikasikia upande wake tu. Macho yake hayakuniacha, nami sikuondoka.

"Ambacho sijakitoa mpaka leo?" akasema. "Aa, ni vyombo."

Akasikiliza kidogo.

"Ndiyo, vitupu. Vitupu kabisa."

Akasikiliza tena.

"Viko hapa hapa mezani. Kwa nini? Kusema kweli ni uvivu tu, mwanangu. Halafu vina uzito." Akanitupia jicho. "Lini, sijui. Dada yangu ndiye ananisukuma. Akiendelea hivi naweza kuvitoa hata leo."

Akaagana naye, akachukua kikombe kimoja, akakipeleka jikoni kama mtu aliyebeba jeneza. Mimi nilijisemea kwamba mtangazaji yule kalelewa vizuri. Watu wangapi siku hizi wanampigia mzee simu kumwuliza kama ametoa vyombo?

Tangu siku hiyo dunia ikageuka upande wangu. Mtu wa baiskeli alipita dirishani akapaza sauti, "Mzee, toa vyombo!" Kesho yake wakapita watatu wakiimba hayo hayo. Kwenye ukuta wa jirani mtu akaandika kwa chaki, herufi kubwa: TOA VYOMBO. Nilitoka nje kuyasoma vizuri, na nusura nilie. Miaka nilikuwa nikipigana vita hii peke yangu. Wateja wangu niliwaambia kwamba hata umma umeona.

Kisha akaja kinyozi wa mtaa wa pili, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa muziki wa filamu. Kavaa fulana imeandikwa maneno yale yale kifuani. Nilimkaribisha kwa mikono miwili, nikamchemshia chai.

"Mama," akasema, "sisi tumechoka kusubiri."

"Hata mimi, baba. Afadhali umekuja."

"Viko mezani tangu lini?"

"Hivi vya leo, tangu asubuhi. Lakini tabia yenyewe ni ya miaka."

Akasogeza kiti karibu. "Na wewe umebahatika kuvisikia?"

"Nakosaje kuvisikia? Kila siku, nikiviosha."

Kinyozi akavua kofia. "Kumbe ni wewe unayesafisha sauti," akasema kwa kunong'ona.

Hapo ndipo nilipoweka birika chini. Nikamwuliza anazungumzia vyombo gani. Akashangaa, akaanza kunitajia: kinanda, filimbi, zeze, ngoma. Mtangazaji alimwuliza Bwana Taharuki ni kazi gani hajaitoa, naye akajibu hewani kwamba ni vyombo vitupu, yaani muziki mtupu usio na mwimbaji, kwamba uko tayari mezani, na kwamba una uzito. Sentensi ile ya uzito ilimliza mwalimu mzima wa hesabu. Sasa wapenzi wake wote wanataka kuusikia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilitaka kumwambia kwamba vitupu vile vilikuwa vitupu kwa sababu tulikuwa tumeshakula. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, nikamwona kaka amesimama kwenye ukumbi. Kanyoa ndevu. Kavaa suruali yenye mkanda, yeye ambaye alikuwa na nguo ya kulalia mpaka adhuhuri. Nikafunga mdomo.

"Mama, mbona unacheka?" kinyozi akauliza.

"Furaha," nikasema.

Kinyozi akanywa chai yake, akasimama. "Wanasema watu kwamba kazi hiyo haipo. Mimi nawaambia, lisemwalo lipo."

"Na kama halipo, linakuja," kaka akamalizia methali, sauti yake imekauka.

Mgeni alipoondoka nikamgeukia. "Debe tupu haliachi kuvuma. Sasa utawaambia nini watu wa watu?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya blauzi ya mtu. "Sina kitu, mdogo wangu. Kila nilichopiga kilikatwa, na kilichokatwa hakikubaki."

"Basi waambie ukweli. Hujaua mtu."

"Nikiwaambia, watarudi makwao." Akachezea mkanda wa suruali. "Nataka kupiga kitu kimoja mpaka mwisho, watu wamekaa wananisikiliza. Mara moja tu. Kisha waniite mwongo, wakipenda."

"Huo mwisho unao?"

"Sina. Nitaukuta huko mbele."

Nilimhurumia, na huruma ikinishika huwa nakuwa mkali zaidi, kwa hiyo nikamwambia aondoke juu ya blauzi. Lakini sikumwambia mtu yeyote neno lolote.

Kipindi kile cha kutunga kilikuwa kiama kwa biashara yangu. Mteja anakuja kupimwa kiuno, mimi nazungusha futi, na kule ukutani kinanda kinaanza chini chini, mm, mm, mm. Mteja anakodoa macho. Futi inakutana, muziki unapanda, mteja ananishika mkono na kusema, "Fundi, usinitajie. Kata kwa kukisia." Nilishona magauni ya kukisia mpaka nikaogopa kupita mtaani kwa mchana. Bibi mmoja alikimbia na pini mgongoni.

Jumapili ambayo kaka aliwaalika waje kumsikiliza, walikuja alasiri na viti vyao vichwani. Kinyozi, mwalimu wa hesabu, wauza duka, mtu wa baiskeli, wengine sikuwajua. Wengine walikaa juu ya meza yangu ya kukatia, wengine wakasimama mlangoni. Kaka alitoka chumbani akiwa na shati nililolipiga pasi mwenyewe. Akakohoa.

"Hiki ndicho ambacho sikuwahi kukitoa," akasema, na kwa maana fulani hakudanganya. Akatupa mgongo, akaanza.

Mungu anisamehe kwa yote niliyowahi kusema juu ya kinanda kile. Muziki ulikuwa mzuri. Ulipanda polepole, na kila mtu mle sebuleni aliona mlango wake mwenyewe. Mwalimu wa hesabu aliushika mkono wa mtu asiyemjua. Kinyozi alikuwa ameacha kupepesa macho. Wote walikuwa wanasubiri mlango ufunguke.

Haukufunguka. Kaka alifika pale ambapo siku zote mkasi ulipita, akasita kidogo, mabega yakapanda kama anayengoja kupigwa, kisha akapita. Akaingia nchi asiyoijua. Akazunguka. Akarudi nyuma kuchukua kitu alichosahau. Akapanda tena, akashuka, akapumzika kwenye sauti moja kwa muda ambao ungetosha kupindia sketi, akapanda tena. Watu wakaanza kubadilisha upande wa kukalia.

Wa kwanza kutoka alikuwa mtu wa baiskeli, akashika tumbo kana kwamba linamuuma. Kisha wauza duka, kwa vidole vya miguu, kila mmoja na kiti chake. Mwalimu wa hesabu alikuwa amelala, akaamka, akainama kwa heshima kuelekea mgongo wa kaka, akaondoka. Si watu wabaya. Binadamu ana kikomo cha kuogopa, na kikipita anaanza kuwaza nguo alizoanika.

Kinyozi alikuwa wa mwisho. Akaninong'oneza, "Mama, nimeacha mtu kwenye kiti. Nusu ya kichwa." Nikamtazama mpaka akaona haya, lakini akaenda.

Nikabaki peke yangu na viti vyangu viwili na cherehani. Kaka alikuwa bado anapiga, shati limelowa mgongoni. Nikawaza itakuwaje akimaliza, ageuke, akute sebule tupu. Moyo uliniuma, nakwambia, uliniuma kweli kweli.

Basi nikakohoa. Nikakohoa kizito, kikohozi cha mwanaume wa makamo. Nikasogea upande wa dirisha nikavuta kiti, kraa. Nikaenda mlangoni nikashusha pumzi kama mwanamke mnene aliyeguswa moyo, "Mmmh," nikarudi kwenye meza ya kukatia nikapenga kamasi kisomi, kwa niaba ya mwalimu wa hesabu. Nilikuwa nimevua viatu. Umri wangu huu, nazunguka sebuleni kwangu kwa kunyata, mara nacheka kidogo kwa sauti ya msichana, mara nasema "Tss, tulia wewe," kisha najijibu "Samahani." Kuna wakati nilikuwa watu wengi mpaka nikakosa pa kukaa.

Akaukuta mwisho jua lilipokuwa limeshatoka dirishani. Sijui muziki, sitajifanya. Lakini ulikuja kimya kimya, sauti chache tu, ukakaa. Kaka akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Nikapiga makofi kwa nguvu zote, na nikakanyaga sakafu ili yaonekane mengi.

Hakugeuka.

"Yule mwenye kikohozi," akasema, "apelekwe hospitali."

Nikasimama pale pale na viatu mkononi.

"Ulijua?"

"Masikio ndiyo kazi yangu, mdogo wangu. Kila mlango ulipofunguka niliusikia." Ndipo akageuka. Uso ulikuwa umelowa, sijui jasho, sijui nini, na alikuwa anacheka bila sauti. "Mtu wa kwanza alipotoka nilitaka kuacha. Kisha nikasikia mwanamke mnene anashusha pumzi, nikasema, huyu nimwonee huruma, nimalizie."

"Nyamaza wewe."

"Umeusikia wote?"

"Nimeusikia wote. Mwanzo mpaka mwisho."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja jibu hilo tu. Kisha akavuta kalamu yangu ya chaki mezani, ile ya kuchorea vitambaa, akauliza kwa sauti ya kazi, "Ni mrefu, nimeona mwenyewe. Nikate wapi?"

"Usikate," nikamwambia. "Popote."

Na nitamwambia hivyo kila akiniuliza, mpaka mmoja wetu afe, ingawa pale katikati, Mungu ananiona, mimi fundi ningepunguza.