Nilipata alama zote katika swali la protini, siku nne baadaye nikamchemshia ndama dang'a

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Mlionizidi umri, shikamooni, ingawa nina shaka kama mpo humu. Mlio wadogo, marahaba kabla hamjasema.

Ninayoyaandika yalitokea nyumbani kwangu, Kilema, si mbali na Moshi, na tarehe zote nimezitoa kwenye daftari langu. Sijaongeza chumvi. Palipo na aibu, ni aibu yangu mwenyewe.

Waendesha jukwaa, naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la ufugaji. Una ng'ombe ndani yake, lakini si uzi wa ng'ombe.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane. Mume wangu alifariki tarehe 9 Novemba, miaka kumi na moja iliyopita, saa nne kasoro robo asubuhi. Utotoni niliishia darasa la saba, kwa sababu nyumbani ada ilitosha mtoto mmoja na akapewa kaka yangu. Baada ya kumzika mume wangu na kumaliza mwaka wa msiba, nilianza shule upya. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka hamsini na tatu, nikafaulu. Sasa nasoma masomo ya kidato cha tano na sita kama mtahiniwa binafsi, Biolojia na Kemia, kila Jumamosi mjini Moshi. Darasani tupo vijana kumi na tisa na mimi.

Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu bila elimu hiyo yule ndama asingekufa, na bila elimu hiyo hiyo nisingejua kilichomuua.

Naendelea.

Nipo kwenye kikundi cha kina mama kumi na wawili. Utaratibu wetu ni huu: unapewa mtamba, unamtunza, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wako. Ni wa mama anayefuata kwenye orodha. Ukishamkabidhi, ng'ombe na uzao unaofuata ni mali yako.

Aliyenifuata mimi kwenye orodha ni jirani yangu wa upande wa chini, Mama Aika. Ana miaka thelathini na nne. Mumewe alikuwa mpagazi mlimani, akaumia mgongo, na tangu hapo ni mtu wa kukaa barazani. Mama Aika alikuwa amesubiri miaka mitatu. Banda lilikuwa tayari, limesakafiwa. Mabingobingo alikuwa ameyapanda kando ya mfereji mpaka yakapita urefu wake, na kwa kuwa hakuwa na mnyama wa kuyala, aliyakata na kuniletea mimi.

Kwa hiyo muelewe: yule ndama, tangu akiwa tumboni, alikuwa wa Mama Aika. Mimi nilikuwa mlezi tu.

Jumamosi ya tarehe 8 Juni, mwaka juzi, tulifanya jaribio la Biolojia. Swali la tatu lilitaka tueleze muundo wa protini na athari ya joto.

Nililijibu hivi, kwa kifupi. Protini ni mnyororo wa amino asidi zilizofuatana kwa mpangilio maalumu. Mnyororo huo haukai umenyooka. Unajiviringa, unajikunja juu yake wenyewe, na wakati mwingine minyororo kadhaa inashikamana kuwa kitu kimoja. Umbo hilo la mwisho ndilo linaloipa protini kazi yake. Ukiipasha joto kupita kiasi, vishikizo dhaifu vinavyolishika lile umbo vinaachia, mnyororo unafumuka, na kazi inakoma hata kama hakuna amino asidi hata moja iliyopotea. Vitabu vyetu vinaliita jambo hilo denaturation. Nilitoa na mfano wa ute wa yai kwenye kikaango.

Nilitoka kwenye chumba kile nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumatano ya tarehe 12 Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ng'ombe alizaa. Ndama jike, mwekundu, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Saa mbili na nusu Mama Aika alikuwa ameshafika. Sijui nani alimwambia. Nadhani alikuwa akisikiliza kutoka kwake.

Shida ikawa kunyonya. Ulikuwa uzao wa kwanza, kiwele kimevimba na chuchu zimekaza, na kila ndama alipokaribia ng'ombe alirusha teke. Bwana mifugo alikuwa Himo, akasema angefika jioni, lakini siku hiyo hakufika. Tukamfunga ng'ombe miguu, nikakamua kwa mkono. Nikapata dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, kama lita mbili.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria semina ya wafugaji. Tulifundishwa kwamba maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu na brusela, na kwamba lazima yachemshwe. Ni kweli kabisa, na hata leo nakubaliana nayo. Tena huku kwetu dang'a tumeipika miaka yote. Inachemshwa mpaka inaganda, watoto wanakatiwa vipande kama keki. Kwa hiyo niliibandika ile dang'a kwenye jiko bila kufikiri mara mbili.

Mama Aika alisimama mlangoni akitazama sufuria.

"Mama Deo, mbona unampikia ndama?"

Nilimjibu kwamba maziwa mabichi yana vijidudu.

"Lakini ndama akinyonya mwenyewe hapikiwi."

Wakuu, hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwalimu yeyote. Jibu langu naliandika hapa neno kwa neno, kwa kuwa nimeapa kusema kweli.

"Mama Aika, mambo haya mimi nimeyasoma."

Ameishia darasa la saba, ni mdogo kwangu, na ng'ombe alikuwa bandani kwangu. Angesema nini zaidi?

Dang'a ikaganda kama inavyoganda siku zote. Nikaiponda, nikaichanganya na maji ya uvuguvugu, nikamnywesha ndama kwa chupa. Alikunywa vizuri. Jioni nilirudia, na kesho yake asubuhi pia. Siku ya pili kiwele kilipolegea, ndama akaanza kunyonya mwenyewe, nami nikaona kazi imekwisha.

Ijumaa tarehe 14 alianza kuharisha. Maji matupu, ya njano. Bwana mifugo alikuja, akatoa dawa na maji ya chumvi na sukari, akaniuliza kama ndama alipata dang'a mapema. Nikamjibu kwamba alikunywa lita mbili ndani ya saa mbili za kwanza.

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa la kweli.

Jumamosi tarehe 15 nilikwenda darasani. Mwalimu wetu ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Hunisalimia shikamoo kwanza, ndipo ananikosoa. Siku hiyo hakuwa na la kunikosoa. Alinirudishia karatasi, na kwenye swali la tatu alikuwa ameandika alama zote na maneno "mfano mzuri".

Nikasoma jibu langu tangu mwanzo. Nilipofika kwenye yai na kikaango, nilikumbuka sufuria.

Nilinyoosha mkono nikamuuliza mwalimu kama kingamwili ni protini. Akasema ndiyo. Nikamuuliza ndama huzipata wapi kingamwili zake. Akaeleza darasa zima kwamba ndama huzaliwa damu yake ikiwa haina kinga ya mama, kwa sababu kondo la ng'ombe haliipitishi. Anaipata yote kwenye dang'a, na utumbo wake huziruhusu kingamwili kupita nzima nzima kwa saa chache tu baada ya kuzaliwa. Baada ya siku moja hivi mlango umefungwa.

Nikamuuliza je, dang'a ikichemshwa?

Alicheka kidogo, akasema, "Mama, si umeshajibu mwenyewe hapo kwenye karatasi?"

Vijana wakacheka naye, bila ubaya. Sikumweleza kwa nini nimeuliza.

Nilirudi nyumbani. Hakukuwa na cha kurekebisha. Saa zenyewe zilikuwa zimepita tangu Alhamisi. Ndama alikufa Jumanne ya tarehe 18 Juni, saa sita mchana. Bwana mifugo alisema wengine huzaliwa dhaifu, nimejitahidi, ni bahati mbaya. Kikundi kizima kikaliafiki hilo. Hakuna mtu aliyenituhumu kwa lolote.

Jumatano asubuhi nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la migomba, nikashuka kwa Mama Aika.

Kwa wasio wa huku: ukimkosea mtu, unampelekea jani la sale. Akilipokea, amesamehe, na desturi haimruhusu kuendelea kuhoji. Nitasema wazi kwamba nililijua hilo vizuri nilipokuwa nalikata. Nilitaka nisamehewe, na nilitaka nisiulizwe.

Nilimkuta ndiyo kwanza ametua mzigo wa majani, ngata bado iko kichwani. Alilipokea sale kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akasema taratibu, mumewe akiwa anasikia pale barazani:

"Sale nimelipokea, mama, na nimekusamehe. Sasa niambie kilichomuua. Watu wote wanasema bahati mbaya. Wewe peke yako hujasema."

Ningeweza kumkumbusha desturi. Nilisema, "Ni mimi. Ni kule kuipika dang'a."

Akauliza kama kuna kitu kilimwagika au kilipungua. Nikamwambia hakuna, kila kilichokuwemo kabla ya moto kilikuwemo baada ya moto.

"Sasa kilikosekana nini?"

Nilijaribu kumweleza kama nilivyoandika kwenye jaribio, mnyororo na vishikizo. Nilijiona ninavyosema na yeye anavyonitazama, nikaacha. Nikamwomba ile ngata ya kichwani. Ilikuwa ya majani makavu ya mgomba, ameisokota na kuizungusha mwenyewe asubuhi ile. Nikamwambia, hii ikikaa hivi inabeba mzigo. Nikaifumua mbele yake mpaka likabaki fungu la majani mkononi. Nikamuuliza kama kuna jani limepungua.

Alisema, "Kwa hiyo ulimpa majani."

"Nilimpa majani."

"Na alikuwa na mzigo wa kubeba."

"Alikuwa nao."

Mumewe, ambaye sikuwahi kumsikia akitania tangu aumie, alisema kutoka kwenye kiti chake, "Na ngata ya watu umeifumua, mama."

Mama Aika alicheka mara moja, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema, "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Akizaa tena, wewe kaa ndani usome. Dang'a nitaikamua mimi."

Jumapili iliyofuata niliwaeleza kina mama wote kwenye kikao, nikiwa nimesimama. Wawili walisema nao wamewahi kufanya vivyo hivyo, na hawakuwahi kujua. Mmoja aliuliza, kwa sauti ya kusikika, ikiwa hayo ndiyo ninayoyafuata Moshi kila Jumamosi. Nilistahili. Kikao kikaamua kwamba ndama jike atakayefuata kwa ng'ombe wangu ni wa Mama Aika. Nami nilikuwa nimeshaamua hivyo.

Ng'ombe alizaa tena Jumatatu ya tarehe 4 Agosti, mwaka jana, saa moja na nusu asubuhi. Jike. Mama Aika alifika na ndoo yake mwenyewe aliyoiosha kwa maji ya moto, akaosha kiwele, akakamua, na ndama akanywa dang'a mbichi, ya moto wa mwili wa mama yake, kabla saa mbili haijafika. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba. Ilipobaki dang'a ya kumzidi ndama, aliipeleka kwake akawapikia watoto mpaka ikaganda. Aliniletea kipande kwenye sahani.

Ndama alishuka kwake Jumamosi ya tarehe 8 Novemba, kwa miguu yake. Ndiyo Jumamosi pekee niliyokosa darasa tangu nianze shule.

Wakuu, sisemi muache kuchemsha maziwa. Maziwa ya kunywa binadamu chemsheni, nami nachemsha. Mtoto wako anataka chakula, na protini iliyofumuka bado ni chakula. Ndama wa siku moja anataka kinga, na kinga iko kwenye umbo. Na kama mna wasiwasi na afya ya ng'ombe, apimwe kabla hajazaa.

Somo nililolipata mimi ni jingine. Neno nililijua, hata tahajia yake. Mama Aika hakulijua, lakini ndiye aliyeuliza swali lililokuwa na jibu ndani yake, nami nilimnyamazisha kwa cheti.

Wataalamu wa mifugo na wa kemia ya viumbe, nilipokosea nirekebisheni hapa hadharani. Wengine, niambieni jambo mlilolijibu sawasawa kwenye mtihani mkalikosea jikoni, shambani au bandani. Na kama kuna mtu alikuuliza kabla hujalikosea, tafadhali andika pia ulimjibu nini.