Meno ya Mzee wa Udongo

Fundi Meno alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba hakuna mtu mjini aliyetengeneza meno ya bandia kumshinda, na kwamba siku moja watu wangetokwa machozi wakitazama filamu yake ya udongo. La kwanza lilikuwa na mashahidi wengi, nao walikuwa wakitafuna nyama. La pili lilikuwa na shahidi mmoja tu, yeye mwenyewe, ambaye alishalia mara kadhaa akiihariri. Hilo lilimtia moyo sana.

Mchana alishinda kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, ndani ya koti jeupe lililochakaa viwiko, akichonga magego ya watu asiowajua. Akirudi nyumbani alifunga mapazia ya sebuleni, akawasha taa za kusomea, akaketi mbele ya meza ya chakula. Juu ya meza ile kulikuwa na chumba kizima kidogo: mlango, kiti, redio iliyotengenezwa kwa kasha la kiberiti, na mzee wa udongo mwenye mifupa ya waya. Aliusogeza mkono wa mzee kiasi cha unywele, akapiga picha. Akausogeza tena, akapiga nyingine. Picha zile zikipitishwa haraka haraka, mzee alijikuna shavu. Wiki nzima ilikwenda kwenye kujikuna.

Muda wote huo familia ilikula imepakata sahani. Mkewe alikuwa ameacha kuuliza meza itarudi lini. Sasa alimuulizia mzee tu.

“Ameshasimama?”

“Bado. Anafikiria kusimama.”

“Mwenzetu ana raha zake,” mkewe alisema, akahamishia sahani goti la pili.

Mzee yule alikuwa baba yake Fundi, aliyefariki mwaka uliotangulia. Filamu haikuwa na mambo mengi. Mzee amekaa anasikiliza redio, mlango unabishwa hodi, anasimama kwa taabu, anakwenda kufungua, na akifungua anatabasamu. Basi. Lakini tabasamu lenyewe! Fundi alikuwa amemchongea baba yake meno yote, juu na chini, kwa nta ileile ya kazini, madogo kama punje za mchele, kila moja na mng’ao wake. Aliyatazama kwa kioo cha kukuzia na kujisemea kwamba kazi kama hii ikionyeshwa, wapinzani wake watatafuta kazi nyingine.

Wapinzani wenyewe walikuwa rafiki zake. Walikutana Jumamosi mchana ghorofani, juu ya duka la magodoro, watu wachache wanaotengeneza katuni bila kutumwa na mtu. Walijiita chama, ingawa hakikuwa na mwenyekiti, kwa kuwa kila mmoja alitaka awe yeye. Filamu zilionyeshwa kwenye shuka jeupe lililobandikwa ukutani, lenye mkunjo katikati ambao pasi zote zilikuwa zimeshindwa kuutoa, kwa hiyo kila mhusika wa kila filamu alikuwa na kovu usoni. Mbishi mkubwa alikuwa mwanamke waliyemwita Kalamu, mwalimu wa hesabu aliyechora kila kitu kwa mkono. Wa pili aliitwa Mhandisi, kijana wa kompyuta, asiyeamini kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri na huku kinatetemeka.

Siku ya kuonyesha, Fundi alimleta mama yake, akamkalisha mbele kabisa. Alitaka awepo watu watakapolia. Hata leso alimchukulia, ya akiba.

Taa zikazimwa. Mzee akajikuna shavu, chumba kikatulia. Hodi ikabishwa, mzee akainuka, na Fundi, aliyesimama kando ya projekta, akamtupia mama yake jicho. Mlango ukafunguka. Mzee akatabasamu.

Mtu akacheka. Halafu mwingine. Halafu kicheko kikaenea mpaka Mhandisi akalazimika kushika ukuta.

“Kaka, usikasirike,” Kalamu alisema taa zilipowashwa, akijifuta macho, na kwa sekunde moja Fundi alidhani ni machozi aliyoyatarajia. “Macho yake yana huzuni kweli. Lakini alipofungua mdomo, nilimsubiri ataje bei ya dawa ya meno.”

“Na anatetemeka,” Mhandisi alidakia. “Niachie mimi nimtengeneze kwenye kompyuta, atasimama bila kutikisika.”

“Hatetemeki, anaishi!” Fundi alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. “Udongo unaishi!”

“Hata friji yangu inaishi, basi,” Kalamu alijibu. “Tatizo lako, Fundi, hujui kuacha. Mimi nikichora uso, kazi kubwa ni kuamua nisichore nini. Wewe umeweka kila ulichojua kuweka.”

Fundi akaanza hotuba. Alieleza uzito wa udongo, ukweli wa kivuli, utumwa wa skrini. Hotuba ilikuwa nzuri, na angeimaliza kama mama yake hangegeuka kwenye kiti.

“Mwanangu, huyu mzee ni nani?”

“Ni Baba, Mama.”

“Baba yupi?”

Chumba kizima kikainamisha vichwa. Mhandisi alikuwa anajiuma ngumi.

“Baba yako alikuwa kibogoyo tangu wewe hujaoa,” mama aliendelea, bila ubaya wowote.

“Lakini nilimtengenezea meno! Kila nikija alikuwa ameyavaa!”

“Ukija wewe, ndiyo. Yalikuwa yakimbana, na alisema yanamfanya aonekane kama mtu anayeomba kura. Yalikaa kwenye bilauri dirishani. Ukibisha hodi tu, ananiambia, ‘Nipe meno upesi, fundi amekuja.’ Ukiondoka, anayatoa, anasugua ufizi, anasema, ‘Lakini mtoto ana mkono mzuri.’”

Hakuna aliyecheka. Fundi akazima projekta ambayo ilikuwa imeshazimwa. Miaka yote ile alikuwa akifika kwa wazazi wake, akimtazama baba yake mdomoni kabla ya kumtazama machoni, na kurudi nyumbani ameridhika na kazi yake. Aliona haya, na haya yenyewe ilikuwa na kitu kitamu ndani yake ambacho hakujua akifanyie nini. Njiani alimshika mama yake mkono. Mama akadhani ameogopa magari.

Kesho yake alichukua koleo dogo akamng’oa mzee meno. Yalikuwa yamemgharimu mwezi, yakatoka kama njugu. Midomo ikaingia ndani, kidevu kikapanda juu, mashavu yakabonyea, na mtu akamtazama kutoka mezani. Fundi aliweka koleo chini. Mkewe alipopita na kikapu cha nguo alisimama, akasema polepole, “Eh! Shikamoo, baba mkwe,” kisha akajikuta amecheka na kufuta macho kwa shati la mtu.

Familia ikaendelea kupakata sahani, safari hii bila manung’uniko.

Alipoirudisha filamu ghorofani, alikuja na mama yake na mkewe, bila leso wala hotuba. Mzee kibogoyo alisikiliza redio. Hodi ikabishwa. Akashtuka, akapapasa dirishani, akaangusha kofia, akapata bilauri, akayachomeka meno, kwanza juu chini. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Akayageuza, akajikongoja mpaka mlangoni, akafungua, akatabasamu kwa maumivu na kwa furaha. Kicheko kikaishia njiani. Mama alinyoosha mkono kuelekea shuka, kama mtu anayetaka kurekebisha kola ya mumewe, kisha akaurudisha mapajani.

Mhandisi ndiye aliyewasha taa.

“Bado anatetemeka,” alisema, huku akijifuta macho kwa mkono wa shati.

“Mwache atetemeke,” Kalamu alimwambia. Akamsogelea Fundi. “Kaka, yale maji kwenye bilauri. Yalikuwa yanacheza vizuri mno. Uliyatengenezaje?”

Fundi alijinyoosha. Hatimaye, swali la kitaalamu.

“Maji ya kweli hayakai ukiyapiga picha,” alianza. “Unahitaji kitu kizito, kinachopitisha mwanga. Nilijaribu vingi. Mwishowe nilitumia jeli ya nywele. Chupa nzima, ile ya bei.”

“Kumbe ni wewe!” mkewe alisema kutoka viti vya nyuma.