Dada wa Maji Alipofika Lipingo

Filamu ile sikuiamini hata kabla sijaiona. Nilikuwa Mbinga mjini, nimeshusha usipa wangu mkavu sokoni, wakaja wasichana wawili wa sekondari kununua, lakini akili zao hazikuwa kwenye samaki. Walikuwa wanabishana juu ya dada mmoja wa kwenye sinema ambaye alizama majini akatoka ana nguvu za kunyanyua lori. Mmoja anasema huyo ndiye shujaa wa kweli, maana kaanza mwenyewe, si mke wala mdogo wa shujaa mwingine. Mwenzake anasema shujaa gani huyo, nguvu kazipata kwa kuzama tu, hata hakuzitolea jasho. Nikawaambia, nyie mabinti, maji hayampi mtu kitu bure, chagueni samaki mwende zenu. Wakacheka. Watu wa Mbinga, wakulima wa kahawa bwana, ziwa wanalitazama kutoka mlimani wakaona ni pambo.

Nina sababu ya kusema hivyo, na heri niitoe mapema. Mdogo wangu, tuliyetoka tumbo moja, aliolewa pale pale Lipingo, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mwaka uliotangulia, yeye na mumewe walipanda boti kwenda Mbaha kwenye msiba wa shangazi wa mume, mtoto wao wa kike wakamwachia bibi yake, mama wa mume. Upepo ukabadilika, boti ikapinduka. Mdogo wangu alishika dumu tupu la mafuta, akaelea nalo mpaka wavuvi wa ng'ambo, upande wa Malawi, wakamwokota na kwenda naye kwao. Aliugua huko, simu imeliwa na maji, namba ya mtu hana kichwani. Sisi huku tulijua nini? Tulitafuta ufukweni tukapata makasia na kiatu kimoja. Wazee wakasema tumelia vya kutosha, tufanye yanayopaswa. Tukawaombolezea wote wawili, tukanyoa nywele, tukaanua matanga, na nguo zake zikagawiwa kwa ndugu kama desturi inavyotaka. Mimi niligawiwa gauni lake la kanisani.

Halafu siku moja mchana akashuka kwenye boti ya wafanyabiashara kutoka ng'ambo, amekonda, amevaa kitenge cha watu. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo waliacha masufuria wakakimbia. Na mimi miguu yangu ilitaka kukimbia, nikaikatalia. Mumewe hakuwa naye. Mumewe hajaonekana mpaka leo, si mzima si maiti.

Basi hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Mtu ukishamlilia, ukanyoa nywele kwa ajili yake, ukagawa nguo zake, akirudi unampokeaje? Hatuna desturi ya kurudisha matanga. Wifi zake walikuwa wamevaa vitenge vyake, wakivua wanaogopa, wakivaa wanaogopa. Neno msukule likaanza kutembea, yaani mtu anayedhaniwa kafa kumbe kachukuliwa na wachawi, sasa karudishwa akiwa gamba tupu. Wengine wakasema mbaya zaidi, kwamba alimtoa mumewe kafara ndiyo maana yeye akabaki.  Mama mkwe wake alitoka mlangoni, akamtazama mkwewe toka unyayoni hadi utosini, akamchukua mtoto, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mdogo wangu akaja kukaa kwangu. Mtoto wake alikuwa akimwona kanisani tu, benchi la mbele, kwenye mapaja ya bibi yake, na ibada ikiisha bibi anatokea mlango wa pembeni. Mchungaji alikwenda kuongea na mama yule, akakaribishwa chai, akarudi bila jibu. Wazee wa ukoo wakasema tungoje, mahindi yakishavunwa watakaa kikao waamue mtoto atakaa wapi. Mdogo wangu hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka nyumba, hakutaka vitenge, hata shamba la mihogo alisema walichukue. Alimtaka mtoto wake.

Ndipo sinema ikafika. Mwenye banda la video la pale kijijini, mtu wa rika langu, aliileta kwenye flashi kutoka Mbinga, imeshatafsiriwa na wale vijana wa mjini wanaoongea juu ya picha. Nilikwenda siku ya kwanza, nimekunja uso. Binti anasafiri na meli, tufani inaipiga, meli inakwenda chini na watu wake, yeye anazama mpaka kwenye mwanga fulani wa kijani. Anatoka ufukweni, nywele zimekaa vizuri kuliko zangu nikitoka kusuka. Kuanzia hapo anasimamisha treni kwa mkono, anapita ukutani, na mtafsiri anapiga kelele, "Huyo sasa ndiye Dada wa Maji, jamani, msimchezee."

Lipingo ikagawanyika vipande viwili. Wasichana walimpenda mpaka wakawa wanafunga vitenge mgongoni na kuruka kutoka kwenye mawe. Binti mmoja wa darasa la saba aligoma kuchota maji kwa ajili ya kaka zake, akasema Dada wa Maji hachotei mtu. Alichapwa, akagoma tena. Lakini watu wazima walitoka bandani wakiwa na mashaka. Fundi wa boti akasema mwanamke huyo ana jini, hakuna mjadala. Mama mmoja wa kwaya akauliza mbona tangu atoke majini hajaonekana akila. Mzee wa kanisa, ambaye alisema hatakwenda kuangalia upuuzi na nikamwona mwenyewe kwenye kona ya nyuma, akauliza swali ambalo kila mtu alilirudia wiki nzima: alilipa nini? Nguvu kama zile hazitoki hivihivi, lazima kuna aliyemtoa.  Nilijua maneno hayo hayakuwa ya dada wa kwenye kioo peke yake.

Kweli, haikuchukua muda. Wasichana wakaanza kumwita mdogo wangu Dada wa Maji. Anapita kwenda dukani, wanamwamkia kwa kuinua ngumi kama kwenye picha. Mwanamume mmoja mwenye nyavu, mtu mzima na ndevu zake, alikuja kwangu asubuhi akaomba eti mdogo wangu aguse nyavu zake, labda zitanasa. Nikamuuliza kama kwao hakuna maji ya kunawa uso akaamka vizuri. Nilikasirika kweli. Sifa za namna hiyo ni mtego. Leo wanakuinua kwa sababu una kitu cha majini, kesho samaki wakikosekana watakumbuka hichohicho.

Kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu mwenyewe. Hakukasirika. Alikuwa anatabasamu kidogo akiitwa vile, na kila filamu ilipowekwa alikwenda. Kila ilipowekwa, mwanangu wee, hakosi. Anajifunga kitenge, anakaa benchi la nyuma, anatazama mpaka mwisho, anarudi nyumbani. Nilimwambia, wewe unajichimbia kaburi, watu wanakuangalia unavyoangalia. Akajibu, "Dada, heri waniite shujaa kuliko waniite msukule." Nikamwambia yote ni mamoja, mama mkwe wako akisikia umekuwa mpenzi wa sinema ya mizimu, mtoto umemkosa. Akainuka, akaenda kuanika usipa. Nikaanza hata mimi kumtazama kwa jicho la pembeni. Huyu anatafuta nini mle ndani? Sikupenda nilichokuwa nafikiri.

Mahindi yalianza kukauka mashambani. Siku hizo mwenye banda akanipitia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama mkwe amemtuma mtu kuuliza filamu ile itawekwa tena lini.  Mama yule hajawahi kuingia bandani maisha yake yote, alikuwa anasema ni nyumba ya wahuni. Sasa atafute sinema ya nini, kama si kwenda kukusanya ushahidi? Nilimwona waziwazi akilini, kwenye kikao cha ukoo akisimama na kusema: nimeona kwa macho yangu vinavyorudi kutoka majini. Nilimwomba mwenye banda aseme flashi imeharibika. Akasema hawezi kumdanganya mjane mzee, atapata laana. Nikamwomba basi mdogo wangu asiende. Akasema, "Kama mama anakwenda, mtoto atakuwa naye. Nitamwona."

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, jua kali. Banda limejaa mpaka mlangoni. Mama mkwe alikuja na fimbo yake, amevaa nguo za kanisani, mtoto kamshika mkono. Watu wakampisha benchi la mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," macho yakiwa kwenye kioo ambacho bado kilikuwa cheusi. Mdogo wangu alikuwa nyuma, nami nikakaa karibu naye ili nimzuie asije akafanya jambo.

Filamu ikaanza, na watu wakaanza mambo yao. Wasichana wanataja maneno kabla mtafsiri hajayasema. Fundi wa boti anaeleza majini yanavyoingia kwa mtu. Meli ilipozama banda lilinyamaza kidogo, kwa heshima ya aliyekaa mbele na aliyekaa nyuma, halafu dada alipotoka ufukweni wasichana wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa namwangalia mama mkwe tu. Hakushtuka wala hakutikisa kichwa. Aliinama mbele, mikono juu ya fimbo, anafuata kila sura inayopita kwenye kioo kama mtu anayechambua mchele. Nikajisemea, anahesabu makosa huyo. Mtoto alisinzia mapema, akalala mapajani kwake.

Ikaisha. Dada akapaa angani, wasichana wakapiga makofi, majina ya Kizungu yakaanza kupanda. Watu wakatoka wakibishana yaleyale, ana jini, hana jini, alilipa nini. Mama mkwe hakuinuka. Nikaona ameshaiva, sasa atasema. Banda likabaki na sisi wachache, na mwenye banda akasogea kuzima.

"Usizime," mama akasema. "Haijaisha."

"Imeisha, bibi. Hayo ni majina tu."

"Na wale wengine?"

"Wengine wepi, bibi?"

"Waliokuwa naye kwenye meli." Aliinua fimbo akaelekeza kwenye kioo. "Nimeambiwa ni sinema ya mtu aliyezama akarudi. Mmoja karudi. Wale wengine sehemu yao umeikata?"

Mwenye banda akanitazama, kisha akatazama chini. Akasema hajakata kitu, ndivyo ilivyokuja. Mama akamwambia mtafsiri ndiye aliyekata basi, watu wa mjini ni wezi, arudishe nyuma pale ufukweni waangalie vizuri. Sauti yake ilikuwa ya ukali, lakini macho yalikuwa bado yanatafuta kwenye kioo. Na mimi niliyekaa pale nikiwa nimemwandalia matusi yote ninayoyajua, nilikosa hata mahali pa kuweka uso.

Mdogo wangu alishapita mbele yangu. Nilinyoosha mkono kumshika nikachelewa. Alikwenda mpaka benchi la mbele, akapiga magoti chini kwenye vumbi, kama mkwe anavyotakiwa kumsalimia mama mkwe.

"Hawarudi, mama," akasema. "Nimeiangalia kila ilipowekwa. Kila mara nasema labda leo watamwonyesha hata mmoja, pembeni, nyuma ya mawe. Nimetazama hata nyuma ya mawe."

 Mama akamtazama, si toka unyayoni hadi utosini safari hii, usoni tu. Majina yakaisha, kioo kikawa cheusi, na nje tukasikia wasichana wanaruka kutoka kwenye mawe.

"Mpokee mwanao," akasema. "Amenilalia mguu, umekufa ganzi."